Umeme Uliporudi

Msumari hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa darasa la kompyuta kwa bega, akaingia na faili kwapani, akasimama katikati ya meza kama mtu aliyekuja kubomoa nyumba.

"Kila mtu akae kwenye mashine yake," alisema. "Kama mlivyokaa siku ile. Meza ya Sura iacheni wazi."

Viti vilikwaruza sakafu. Hakuna aliyeuliza siku ipi.

Msumari alikuwa mpelelezi wa polisi, mwanamke mrefu mwenye mabega ya mbeba mizigo. Jina hilo alipewa na wahalifu wenyewe: akikugongelea mahali, hutoki. Safari hii alikuwa amemgongelea msichana mmoja wa chuo hiki, yule waliyemwita Sura. Msichana alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua. Msumari alikuja kutafuta nyundo ya mwisho tu.

Chuo kile kilifundisha vijana kutengeneza programu za mtandao, zile ambazo mmoja akiwa huku na mwingine akiwa kule, wote wanaandika na kusoma kwenye hifadhidata moja. Hawakufundishwa ubaoni tu. Walipewa kazi ya kweli waifanye kwa mikono yao: kuiundia zahanati ya jirani mfumo wa wagonjwa. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa, skrini inamwonyesha maradhi yake, dawa alizopewa, na kwa maandishi mekundu, dawa ambazo mwili wake unazikataa.

Siku ya kuwaonyesha wageni kazi hiyo, mtu aliyafuta maandishi mekundu. Ya wagonjwa wote. Alasiri hiyohiyo muuguzi wa zahanati alifungua jina la mwanamke mmoja, akaona pako peupe, akamchoma sindano. Mwanamke yule hajasema neno tangu hapo. Koo lilivimba, na sasa anapumulia mpira.

Alikuwa mdogo wake Msumari, tumbo moja, baba mbalimbali. Kituoni hakuna aliyejua, kwa kuwa majina ya baba hayakufanana na Msumari hakufumbua mdomo. Angesema, angenyang'anywa faili. Na faili lile alilitaka kwa meno.

"Afande, mbona tulishakueleza kila kitu?" Aliyesema alikuwa Mkufunzi, mwanamume wa makamo aliyenyoa kidevu mpaka kinang'aa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata mahali pasipoonekana.

"Utanieleza tena. Hakimu hajui kompyuta, na mimi sijui. Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi yangu alishafariki."

"Basi mweleze wa kwangu."

Mwanafunzi mmoja wa meza ya nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Huyo alikuwa Redio, hana breki za mdomo. Mkufunzi alimkata jicho, kisha akampeleka Msumari pembeni, kwenye kompyuta kubwa isiyo na kiti.

"Hii ndiyo seva. Mashine zote humu zinazungumza nayo. Kila amri inayoingia, seva inaandika: imetoka kwa nani na imetoka mashine gani. Tazama hapa. Amri ya kufuta safu nzima ya dawa za hatari. Jina, la Sura. Neno la siri, la Sura. Mashine, namba kumi."

"Na kumi ni ya nani?"

"Ya Sura," darasa zima lilijibu, kama watoto wanaosoma herufi.

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze masomo," alisema Redio. "Kumi ni ya Sura, afande. Ukitaka kumtumia kitu, unatuma kumi."

Msumari aliandika. Kalamu ilikandamiza mpaka karatasi ya chini yake.

"Yeye anasema wakati huo alikuwa getini, pamoja na wewe Mkufunzi, mnasubiri wageni."

"Nilikuwa na mambo mengi kichwani. Sikuangalia nani yuko wapi."

"Na taarifa za wagonjwa wa kweli, zilifikaje darasani kwa wanafunzi?"

Mkufunzi alijifuta kidevu. "Tuna hifadhidata mbili. Moja ya mazoezi, ina watu wa kubuni, Mgonjwa wa Kwanza, Mgonjwa wa Pili, basi. Ya pili ni ya kweli, iko zahanati. Programu inasoma ipi, hiyo inaamuliwa na mstari mmoja tu. Sura aliubadilisha ule mstari ili ajionyeshe kwa wageni. Ni msichana anayependa kutazamwa."

"Mashine yenyewe haikubaki na alama ya alichokifanya?"

"Haibaki. Mashine za darasa tumeziweka zisahau. Ukiizima, ikiwaka tena iko kama imetoka dukani leo. La sivyo hawa wangeshaziua zote."

"Inasahau kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na namba yake?"

Mkufunzi alikohoa. "Namba inatolewa na ruta, hiki kikasha cha ukutani."

"Sijauliza inatolewa na nani. Nimeuliza kama inasahaulika."

"Afande, hayo ni mambo ya kitaalamu, hayatabadilisha kitu."

"Siku ile, mashine zilizimwa?"

"Hapana."

"Si umeme ulikatika, mwalimu?" Redio alidakia. "Umesahau? Kabla wageni hawajafika! Tukakaa gizani kama popo, joto hilo, mpaka tukatoka nje wote."

Hapo Mkufunzi hakumkata jicho mtu. Alitazama viatu vyake.

Msumari alifungua faili, akasoma maelezo ya Mkufunzi toka juu mpaka chini, polepole, kidole juu ya maneno. Hapakuwa na neno umeme. Alilifunga faili, akaenda ukutani nyuma ya mlango palipokuwa na swichi kubwa ya chumba, akaishika, akaishusha chini.

Feni zilikufa. Skrini zote zikawa nyeusi.

"Afande! Kazi za watu!"

"Tokeni nje. Wote. Redio, nikikuita utaingia wa kwanza, uwashe mashine yako wewe kabla ya mwingine yeyote."

Walitoka wakinong'ona. Msumari alingoja kidogo, akapandisha swichi, akamwita Redio. Mashine ya Redio iliguna, ikawaka. Wengine wakaingia, wakawasha za kwao.

"Namba yako?" Msumari aliuliza.

Redio alibonyeza hapa na pale. Akasogeza uso karibu na skrini. "Haki ya nani," alisema. "Mimi ndiye kumi leo."

"Rudia, sijasikia."

"Kumi, afande. Wa kwanza kuwasha ndiye anapewa kumi. Ndiyo maana!" Aligeukia wenzake. "Sura ndiye anayefika kwanza kila siku! Yeye ndiye anafungua darasa! Sisi tukadhani ni namba yake ya kuzaliwa nayo."

Msumari alimgeukia Mkufunzi. "Unafundisha haya?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilidhani haina uzito."

"Msichana amelala sakafuni kwa sababu ya hiyo kumi, na wewe unaniambia haina uzito."

Hakumwonea huruma Sura alipokuwa akisema hayo. Waliomwona siku ile wanasema uso wake haukulainika hata kidogo. Hasira ya Msumari haikupoa. Ilihama tu, ikawa inatafuta pa kukaa.

Simu yake ikalia. Alikuwa mganga wa zahanati, na sauti yake ilisikika mpaka meza ya mbele.

"Afande, hayo maandishi mekundu yatarudi lini? Nina foleni mpaka barabarani. Tunawauliza kwa mdomo, na wengine hawajui. Nina mzee hasemi, nina mtoto ameletwa na jirani. Asubuhi tumeponea chupuchupu na mama mmoja. Nitamuua mtu hapa!"

"Subiri." Msumari aliushika mkono wa Mkufunzi kwa juu ya kiwiko. "Nakala ya akiba iko wapi?"

"Seva hujinakili yenyewe. Lakini ilijinakili baada ya kufutwa. Imenakili utupu."

"Na nakala nyingine?"

"Anayo Sura. Kwenye flashi yake, mliichukua mlipomkamata. Ameifunga kwa neno la siri."

"Kwa nini mwanafunzi awe na nakala ya taarifa za kweli, kama hakuagizwa na mtu?"

Mkufunzi alianza kuelekea mlangoni.

"Usiondoke humu," alisema Msumari, na akamweka askari mlangoni.

*

Msumari aliwahoji mmoja mmoja katika chumba cha vifaa, kati ya nyaya zilizoviringishwa na kibodi zilizovunjika meno. Redio alianza kusema kabla hajaketi.

"Sisi tunafanya kazi wawili wawili, afande. Mmoja anaandika, mwenzake anasoma kinachoandikwa mbele yake, ili kosa lisipite. Sura alikuwa na Ghala. Hao ukimwona mmoja, mwenzake yuko nyuma. Mpaka maji walikunywa chupa moja."

"Kwa nini mnawaita hivyo?"

"Sura anajenga kile mtu anachokiona. Vitufe, rangi, maandishi. Ghala anajenga kule chini, taarifa zinakolala. Kazi ya Ghala ndiyo ngumu, ila haina wa kuitazama. Wageni wakija wanasifia rangi."

"Neno la siri la Sura, nani alilijua?"

"Mwenzake wa meza, nani mwingine? Mtu anaandika mbele ya macho yako kila siku, hata usipotaka utalijua. Mimi la mwenzangu nalijua. Ni chafu, siwezi kulitamka mbele ya mtu mzima."

Mzazi mwenye mtoto wa umri huo asome hapa mara mbili. Tunawakataza watoto kula chakula cha mtu wasiyemjua, lakini neno la siri wanagawana kama kichana.

"Sasa nijibu hili," alisema Msumari. "Mko nje, mchana kweupe, jua linawaka. Umeme umerudi ndani, na ile amri ya kufuta imeingia muda mfupi baadaye. Ulijuaje kwamba umerudi?"

"Niliitwa."

"Na nani?"

"Ghala. Alitoa kichwa dirishani akasema, rudini, umerudi."

"Akiwa ndani?"

"Kichwa kilitoka dirishani, afande. Kingine chote kilikuwa ndani."

Msumari alimtoa, akamwita Ghala.

Aliingia msichana mdogo wa umbo, nguo safi, nywele zimebanwa nyuma bila unywele mmoja kutoroka. Alikaa, akaweka mikono mapajani. Alikuwa wa kwanza siku ile kumsalimu Msumari vizuri.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Nje, na wenzangu."

"Ulipojua umerudi, ulijuaje?"

"Redio alituita. Redio hakosi la kupigia kelele."

"Alikuita akiwa wapi?"

"Ndani."

"Kwa hiyo Redio ndiye aliyekuwa ndani kwanza."

Ghala alifikiri kidogo. "Ndiyo, afande. Yeye."

Msumari hakubishana naye. Alinyoosha mguu, akausukuma mlango ukafunguka, akapaza sauti kuelekea darasani. "Nyinyi huko! Siku ile umeme uliporudi, nani aliwaita dirishani?"

"Ghala!" sauti tatu nne zilijibu pamoja.

Aliufunga mlango. Ghala alikuwa akiitazama kibodi iliyokosa meno kama ndiyo iliyomsaliti.

"Niliingia kuchukua chupa ya maji," alisema.

"Sijakuuliza." Msumari alitoa simu, akatafuta picha, akaiweka mezani. Mwanamke kijana, mashavu yamevimba, mpira mdomoni. "Unamjua?"

"Simjui."

"Hata yeye hakujui. Lakini wewe ndiye uliyemfuta."

"Mimi sijamfuta mtu! Nilifuta wale wa mazoezi! Mgonjwa wa Kwanza na wa Pili, watu wa kubuni! Mimi—"

Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Neno lilikuwa limeshatoka, na halikuwa na pa kurudi.

Msumari alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Endelea. Sasa umeshaanza."

Ghala alilia bila sauti, halafu akaacha, ghafla, kama aliyechoka na machozi yake mwenyewe. Aliponyanyua uso ulikuwa mkavu na mgumu.

"Nilijenga kila kitu cha chini," alisema. "Kila safu. Kila kiungo. Mfumo ukigoma, ni mimi ninayekesha nao. Halafu asubuhi ile nawasha, skrini ya kwanza imeandikwa Imetengenezwa na, na chini yake jina lake. Lake peke yake. Nikamuuliza, langu liko wapi? Akasema Mkufunzi ndiye kataka hivyo, wageni wasichanganyikiwe. Mkufunzi kataka, sawa. Lakini yeye aliliona, afande. Aliliona, akalipenda, akaliacha."

"Ukaamua kumkomesha."

"Nilitaka wageni wabonyeze waone peupe. Wamuulize, kwa nini peupe? Na ashindwe kujibu mbele yao, maana jibu liko kwangu. Nikatumia jina lake ili aonekane kaharibu mwenyewe."

"Na wageni walipobonyeza?"

"Hawakujua kwamba pale panatakiwa kuwa na maandishi. Walipiga makofi."

"Kisha ukasikia mtu kachomwa sindano. Ukasikia Sura kakamatwa. Ukajua ni kazi ya mkono wako."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Nilisema akae ndani kidogo." Alimtazama Msumari usoni. "Aonje mtu kuchukuliwa kilicho chake."

"Kidogo kiasi gani? Mpaka kesho? Mpaka hakimu aseme miaka?"

Nje, feni za darasa zilikuwa zikizunguka na kukwaruza.

"Jambo la mwisho," alisema Msumari. "Ule mstari wa kuchagua hifadhidata. Mazoezi au ya kweli. Sura angeweza kuubadilisha?"

"Hawezi. Ya kweli inataka neno la siri la zahanati. Sisi wanafunzi hatunalo. Mimi ningejuaje kama ni ya kweli? Hakuna aliyeniambia!"

"Nani analo?"

"Mwalimu."

Msumari alinyanyuka. Alirudi darasani, akapita katikati ya meza, akasimama mbele ya Mkufunzi.

"Mikono."

"Afande, tuzungumze ofisini. Mbele ya wanafunzi jamani?"

"Si unafundisha kwa vitendo? Wafundishe." Pingu zililia mara mbili. Msumari alizikaza mpaka Mkufunzi akauma mdomo, na hakuzilegeza.

*

Kwenye ukumbi wa kituo, mama yake Sura alikuwa benchini, palepale alipokaa tangu binti yake aingizwe. Alikuwa fundi cherehani. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, maana polisi walimkuta akishona barazani kwake na hakurudi nyumbani kuuvua. Alipomwona Ghala akiingizwa na askari, alisimama kwa furaha.

"Mwanangu! Umekuja kumtetea mwenzio?"

Ghala alijificha nyuma ya askari. Mama alimtazama, akamtazama askari, akautazama mkono wa askari uliomshika msichana. Alikaa tena, taratibu.

Wakati huohuo Sura alitolewa. Nguo zilikuwa zimekunjamana, macho yameingia ndani. Wasichana wale wawili walikutana uso kwa uso kwenye ujia.

"Nilidhani ni ya mazoezi," Ghala alisema, harakaharaka. "Naapa. Nilidhani ni watu wa kubuni."

"Na mimi je?" Sura aliuliza. "Mimi ulidhani nimebuniwa?"

Askari alimvuta Ghala, wakapita.

Msumari alimsogelea Sura. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei. "Uko huru. Ushahidi umegeuka. Lakini zahanati imekwama, na nakala iko kwenye flashi yako. Naomba neno la siri."

"Unaomba?"

"Naomba. Kuna wagonjwa foleni sasa hivi."

"Najua wapo. Nilikwambia siku ya kwanza." Sura hakuinua sauti. "Nilikwambia Mkufunzi ndiye aliyeunganisha ya kweli, akaniambia nikae na nakala na nisimwambie mtu. Nilikwambia niliona peupe mbele ya wageni, nikamnong'oneza, nikasema turudishe sasa hivi. Akasema tuwalishe wageni kwanza. Walikuwa wanakula, afande, yule dada akachomwa. Ukaandika hayo?"

Msumari alilihamisha faili kwapa la pili.

"Uliniambia niache hadithi. Kalamu uliiweka mezani. Niliiona."

Mkuu wa kituo, aliyekuwa ametoka ofisini akiwasikiliza, aliingilia kati. "Binti, una haki ya kukasirika. Lakini kuna watu wanaweza kufa. Toa hilo neno."

"Nitalitoa. Kwanza yeye arudi pale alipoanzia." Alimnyooshea Msumari kidole. "Alikuja mlangoni kwa mama yangu, majirani wametoka, akanishika shingoni, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, muuaji huyu hapa. Sasa ananiomba kwa sauti ya chini kwenye ujia wa giza. Aende akaseme palepale, kwa sauti ileile."

"Hapana haja ya maonyesho," alisema Mkuu.

"Ipo," alisema mama yake Sura kutoka benchini. "Wateja wangu walinifuata mpaka hapa benchini siku ileile, kudai vitambaa vyao. Walisema hawavai nguo iliyoshonwa na mama wa muuaji. Mwanangu kasema sawa. Na mimi naongeza: aende kwa miguu, si na gari. Si mbali."

Mkuu alimtazama Msumari. Msumari alikuwa ameshaanza kutembea.

Walitoka, Msumari mbele, mama na binti nyuma, Mkuu akifuata ameshika kofia. Simu ya Msumari ililia njiani, mganga tena, akaizima. Mtaa ulikuwa na watu wa alasiri: wanaofua, wanaosuka, fundi baiskeli na gurudumu lake. Walipowaona, kila mtu aliacha alichokishika. Cherehani ya mama ilikuwa imefunikwa barazani, nguo nusu iko chini ya sindano.

Msumari alisimama mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemkamata huyu," alisema. Sauti ilikwaruza, akaipandisha. "Nilisema ni muuaji. Si muuaji! Hakufuta chochote. Nilikosea!"

"Sema kwa nini," alisema Sura.

"Namba ya mashine—"

"Siyo namba. Mimi nina akili, nimekaa siku zote nakufikiria. Askari mzima, mwerevu, hakuandika hata neno langu moja. Ulikuwa na haraka gani?"

Fundi baiskeli aliliweka gurudumu chini. Msumari alilitazama lile gurudumu likilala, akamtazama Mkuu wake wa kazi, kisha akautazama mlango.

"Mwanamke aliyechomwa sindano ni mdogo wangu," alisema. "Nilitaka wa kumlipizia. Nikamshika wa kwanza aliyekuwa karibu."

Mtaa ulinung'unika. Mkuu wa kituo alivaa kofia yake. Alisogea, akanyoosha mkono, na hakuhitaji kusema anataka nini. Msumari alilitoa faili kwapani, akampa.

"Kesho usije kazini," Mkuu alisema. "Nitakuita."

Sura alichukua simu ya mama yake. Hakumpa Msumari neno la siri. Alimpigia mganga mwenyewe, akageukia ukuta, akazungumza naye kwa sauti ya kazi, polepole: askari anakuja na flashi, fungua hivi, andika hivi, usibonyeze kile, bonyeza hiki, ngoja ijae. Alimwambia akishaona maandishi mekundu ampigie, naye atabaki macho mpaka aone.

Alipokata simu, Msumari alikuwa bado amesimama, mikono mitupu.

"Nisamehe, binti."

"Nimewafanyia wagonjwa," alisema Sura. "Wewe sijakusamehe, na usingoje."

Aliingia ndani. Mama yake alibaki barazani kidogo, akaifunua cherehani, akapuliza vumbi kwenye sindano. Alimtazama yule mwanamke mrefu aliyesimama kwenye mlango wake bila faili wala pingu, na majirani wote wakimtazama.

"Nenda kamuuguze ndugu yako," alisema, na akaweka mguu kwenye kanyagio la cherehani.